Mwaka Wangu wa Kuliita Jua

Jioni moja mwaka huu, hapa Ruangwa ninapofundisha, binti yangu Neema alikwenda kuipua sufuria ya maji jikoni. Sufuria ikamponyoka, maji yote yakamwagikia kwenye mkaa. Hakuungua, namshukuru Mungu. Moshi mweupe ukatanda na harufu ya majivu yaliyolowa ikanipiga puani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumgombeza, maneno yako kwenye ncha ya ulimi, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Neema akanitazama kwa wasiwasi. Pengo lake la mbele lilikuwa bado bichi, jino lilikuwa limeng'oka wiki ile ile.

Kwa wengine harufu ile ni ya hasara tu, mkaa umelowa na chakula kimechelewa. Kwangu ni harufu ya mkesha. Watoto wenzangu wa kijijini kwetu Mnero, Nachingwea, walikuwa na Krismasi na Pasaka, na sisi tulikuwa nazo pia, tena tulikaa viti vya mbele kwa sababu Baba alikuwa mwalimu wa dini. Lakini nyumba ya Bibi Leokadia, mama yake Baba, ilikuwa na sikukuu moja zaidi isiyoandikwa kwenye kalenda ya kanisani. Ilikuja katikati ya kipupwe, mtama umeshavunwa, asubuhi zina baridi ya kung'ata masikio. Tuliiita siku ya kuliita jua.

Msije mkasema sisi Wamwera wote tunafanya hivyo. Jirani zetu wa kushoto na kulia hawakuijua, na wengine walitucheka. Ilikuwa ni mila ya nyumba ile, Bibi aliikuta kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Baba alipoulizwa na padre kuhusu ile togwa nyingi inayochachushwa kwa Bibi kila mwaka, alijibu kwamba tunajiandaa na sikukuu ya Mtakatifu Yohane, ambayo kweli iko karibu. Nyumbani alituambia, "Jua ameliweka Mungu. Bibi yenu analipungia mkono tu." Halafu asubuhi ya siku yenyewe yeye ndiye aliyepekecha moto, eti kwa kuwa mikono ya mama yake inauma.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya miti na udongo, na ukuta wa mashariki ulikuwa na kidirisha kimoja, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo. Jua likichungulia tu juu ya miti, kipande cha nuru kiliingia pale na kutua kwenye ukuta wa ndani, upande wa pili. Sasa, kile kipande hakikutua mahali pamoja. Toka masika yanaisha kilikuwa kinahama, kila asubuhi kidogo, kuelekea kona ya kusini kunakokaa mtungi wa maji. Karibu na kona hiyo Bibi alikuwa amekandika korosho moja na ganda lake, siku nyumba ilipokamilika. Nuru ikiigusa korosho, ujue jua limefika mwisho wa safari yake.

"Safari ya wapi, Bibi?" niliuliza nikiwa mdogo sana.

"Ukweni," alisema. "Kila mwaka jua linakwenda kaskazini, ukweni. Huko linapikiwa, linatandikiwa, linapewa kiti. Ndiyo maana huku kuna baridi. Sasa mtu akikaa sana ukweni bila kuitwa, anajisahau."

Niliamini neno kwa neno. Nilimjua baba mdogo mmoja aliyekwenda kusalimia ukweni Narung'ombe akakaa mpaka mahindi yake yakaliwa na nyani. Kama mtu mzima mwenye akili anaweza kujisahau vile, jua je?

Kazi ya kuliita hakupewa mtu mzima. Alipewa mtoto wa ukoo aliyeng'oka jino la mbele mwaka ule. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, Bibi alimpa funda la maji ya mtungini. Mwenye pengo aliyashikilia mdomoni, haneni, hamezi, mpaka nuru iguse korosho. Hapo aliyapuliza kwenye unga wa mtama uliokuwa kwenye ungo mbele yake, Bibi akachukua unga ule uliolowa akaupaka chini ya korosho, na mwingine akaumwaga kizingitini. Ndipo moto mpya ulipowashwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo moto wote wa nyumba ulizimwa kwa maji, jiko la nje, jiko la ndani, hata kibatari. Ile ndiyo harufu niliyowaambia.

Kaka yangu Festo alikuwa ameshapata zamu yake, na tangu hapo hakukalika. "Hata tone halikudondoka," aliniambia, akivimbisha mashavu kunionyesha. "Lakini wewe, kwa hayo maneno yako mengi, jua litabaki huko huko."

Jino langu lilitingishika toka mahindi mabichi. Nililing'oa mwenyewe kwa uzi na kitasa cha mlango, nikakimbia kwa Bibi na damu mdomoni. Alikiangalia kile kipengo kwa makini, akasema, "Haya, mke mwenzangu. Mwaka huu jua ni lako."

Sikulala vizuri wiki nzima. Nilifanya mazoezi kisimani, njiani, hata kanisani nilijaribu na mate, Mama akanifinya. Tatizo lilikuwa pengo lenyewe. Ukifumba midomo kwa nguvu maji yanatulia, ukilegea kidogo tu yanapita. Niliogopa na nilifurahi kwa pamoja, sijui niseme vipi. Nilitembea kijijini nikiwahurumia watu, maana hawakujua kwamba mavuno yao ya mwakani yako kwenye mashavu yangu.

Siku ya mkesha ndugu walifika. Wengine walitoka Matambarale kwa baiskeli, kuku wamefungwa miguu kwenye keria, wengine Narung'ombe wakiwa na viazi vitamu na njugu mawe. Kinu hakikupumzika. Wanawake walitwanga mtama uliolowekwa mpaka ua mzima ukanukia unga mbichi, na sisi watoto tulipitapita kuiba makonzi ya unga. Jua lilipozama Bibi akachukua kata, akamwagia moto. Shwaa. Watu wakakaa kimya katika ule moshi. Usiku tulilala kama samaki kwenye fungu, watoto sita chini ya blanketi moja, na mimi katikati kwa heshima ya pengo langu.

Bibi aliniamsha kwa kunigusa unyayo. Maji ya mtungini yalikuwa ya baridi mpaka meno yakaniuma. Nikafumba mdomo. Niliketishwa mkekani, ungo wa unga mapajani, uso kwenye korosho. Bibi alikaa nyuma yangu, na watu wote wakajipanga nyuma yake, migongo kwenye kidirisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, hakuna kugeuka. "Mgeni uliyemwita hachunguliwi njiani," Bibi alikuwa akisema.

Tukangoja. Majogoo wakawika wakachoka. Nyufa za mlango zikapata rangi ya majivu, kisha ya machungwa. Mashavu yalianza kuniuma. Nje kukawa kweupe kabisa, nilisikia ndege wanagombana, lakini ukutani giza. Hakuna nuru.

Watu wakaanza kujikohoza. Mtu mmoja akanong'ona, "Limechelewa leo." Mwingine akamwambia nyamaza. Moyo ulinipiga mpaka nikaona unga unatetemeka. Jua limekataa, nikawaza. Limesikia mwaka huu anayeliita ni Wini mwenye maneno mengi, limekataa.

Nikavunja sheria. Niligeuza shingo kidogo tu, kama anayejikuna. Kidirisha hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na ngozi. Ngozi nyeusi yenye baka jeupe, inapumua.

Alikuwa ng'ombe wa Mzee Shija. Wafugaji wale walikuwa wamefika kwetu msimu mmoja uliotangulia, kutoka huko Ziwa Viktoria, wakajenga bondeni, na mtoto wao Minza alikuwa rafiki yangu. Baba na Mzee Shija hawakuwa na ugomvi ila ng'ombe huyu mmoja. Alikuwa amezipenda mbaazi za Bibi zilizopandwa kando ya nyumba kuliko majani yote ya Nachingwea, na Baba alikuwa ameshasema akirudi tena atakwenda kwa mtendaji.

Basi nifanyeje? Kusema siwezi. Nikamgusa Bibi goti, nikafanya "mmh, mmh," nikionyesha nyuma kwa kidevu. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, akadhani nachoka. Akanigonga kichwani taratibu. "Tulia," akanong'ona.

Nikaweka ungo chini, nikatambaa. Giza lilinisaidia. Nilipita kando ya ukuta, miguuni mwa mashangazi, mtu akadhani ni kuku akanisukuma na kisigino, nikatokea mlango wa jikoni. Nje mwanga ulikuwa tele, jua limesimama juu ya miti, zuri, jekundu, limekuja kabisa na linazuiwa mlangoni na ng'ombe. Niliona uchungu. Nikamsukuma kwa mabega. Nikampiga makofi ya ubavu. Yeye anatafuna mbaazi tu. Minza akaja mbio kutoka bondeni, fimbo mkononi, anahema.

"Huyu hasukumwi kwa nyuma," akasema. "Mtokee mbele."

Nikamtokea mbele. Ng'ombe akainua kichwa, ganda la mbaazi likining'inia mdomoni kama kiko cha mzee, akanipulizia pumzi ya moto usoni. Nilishtuka na nilitaka kucheka kwa wakati mmoja. Maji yote yakanitoka, funda zima, yakampata machoni. Akaruka kando, akaondoka na kukimbia akipiga mkia huku na huku.

Minza alinitazama. "Umemtemea ng'ombe wa Baba," akasema kwa mshangao mkubwa.

Nilirudi ndani kwa njia ile ile, nikakaa, nikapakata ungo. Ukutani nuru ilikuwa imetua, nyekundu, imeikumbatia korosho nusu nzima. Watu walikuwa wanashusha pumzi. Bibi akaniegemea begani.

"Haya, mwenye pengo," akasema. "Puliza."

Nikapuliza. Upepo mtupu. Vumbi la unga likaniruka puani. Nilifumba macho nikingoja kusikia, "Maji yako wapi?" Sikusikia. Bibi alipitisha mkono wake juu ya ungo, akachovya kidole mahali fulani, akaupaka ukuta, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Limeona. Washeni moto."

Vigelegele vikapasua paa. Baba akapekecha mpaka jasho likamtoka, moshi, cheche, kisha mwali, na kila mtu akampigia makofi mwalimu wa dini. Tukapakwa unga kwenye mapaji ya uso. Uji ukachemka, togwa ikapita kwa kata kubwa, viazi vikachomwa kwenye moto mpya ambao ulikuwa mtamu kuliko moto wa jana, msiniulize kwa nini. Ndugu wa Matambarale walicheza mpaka ua ukawa vumbi. Watu walinibeba mabegani. Nami nilicheka na kucheza, na ndani nilikuwa najua siri mbaya kuliko zote, kwamba jua halikuitwa. Aliyeitwa ni ng'ombe.

Asubuhi iliyofuata niliamka wa kwanza nikatazame. Kama jua limeitikia, nuru ingeanza kurudi, kuiacha korosho. Ilikuwa palepale. Siku ya pili, palepale. Ya tatu niliipima kwa kijiti, palepale kabisa. Nikaacha kula vizuri. Baridi ilizidi, au niliona imezidi. Mama alisema labda nina minyoo.

Siku ya nne nilimfuata Minza bondeni. Nilikuwa nimefikiri sana. Wao walitoka kaskazini, na jua limekwenda kaskazini, basi ukweni kwa jua ni kwao.

"Minza," nikamwambia, "kule kwenu mliponyanyuka, mliliacha jua kwa nani?"

"Jua gani?"

"Hili. Limekuja kwenu ukweni. Wapelekee habari ndugu zenu walipe ruhusa lirudi."

Minza alifikiri. Hakunicheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. "Kwetu nako wakati huu linapita huko huko kaskazini," akasema, akanyoosha fimbo. "Halikai kwetu."

"Linakwenda kwa nani sasa?"

"Mbele kuna ziwa. Baba anasema ng'ambo ya ziwa kuna Waganda."

Mwanza yenyewe sikujua nitafikaje, sembuse kwa Waganda. Nikarudi kwa Bibi moja kwa moja, nikamkuta anapepeta mtama uani, nikaanza kulia kabla sijafika. Nikamweleza yote. Kugeuka, ng'ombe, maji, upepo mtupu, Waganda.

Bibi aliweka ungo chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, mdomo umekaza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akaanza tena.

"Baba yako aliyameza," akasema alipopata pumzi. "Nikamwambia puliza, akakohoa. Festo aligeukia kwangu akapiga chafya, akanilowesha mimi shingoni, nikanyamaza kama umande umeniangukia."

"Festo alisema hata tone..."

"Atasema nini? Na mimi mwenyewe, mke mwenzangu, yalinivuja yote kwenye pengo, nguo ikalowa, watu wakadhani nimejikojolea. Mama yangu akasema, limeona, washeni moto."

Nilishangaa mpaka kilio kikakauka. "Kwa hiyo nani aliwahi kufika nayo?"

"Hajazaliwa. Toka nipate akili sijamwona. Sasa mtu mwenye pengo atashikaje maji?"

"Basi mbona jua linarudi?"

Bibi akatazama juu, mkono kwenye paji la uso, kama mtu anayemtafuta jirani upande wa pili wa shamba. "Ndiyo hata mimi kila mwaka nashangaa," akasema. Akaokota ungo wake. "Subiri. Kuaga ukweni si kazi ya siku moja. Na hili usimwambie mwenye pengo yeyote, umesikia?"

Nikasikia. Tukawa tunaamka pamoja, mimi na yeye, kila asubuhi, tunakaa mbele ya korosho na vikombe vya maziwa. Maziwa yalikuwa ya Mzee Shija. Alikuja mwenyewe na kibuyu kuomba radhi ya mbaazi, Bibi akampa kiti na togwa iliyobaki, na kwa mtendaji hakuna aliyekwenda. Asubuhi moja Bibi akanishika mkono. Kati ya ukingo wa nuru na korosho palikuwa na nafasi ya punje moja ya mtama. Moja tu. Nilipiga yowe nikakimbia mpaka bondeni, nguo ya kulalia, bila viatu, nikimwita Minza kwamba linarudi.

Bibi Leokadia tulimzika masika haya. Kile kidirisha Festo alikitunza alipoijenga upya nyumba yake kwa matofali, aliruka tofali moja upande wa mashariki, mafundi wakamwuliza kama ana akili timamu. Korosho aliihamisha kwa mkono wake. Baada ya ile sufuria kumwagika, nilimpigia simu nikamwambia Neema ana pengo. "Basi mlete," akasema.

Tukaenda. Moto ukazimwa kwa maji. Alfajiri nikampa Neema funda la maji, nikaketi nyuma yake, mahali pa Bibi, na sakafu ya saruji ikanipa baridi mpaka mifupani. Baba, mzee sasa, alikaa kwenye kigoda na vijiti vyake vya moto. Hakuna aliyegeuka. Nuru haijafika bado nikaona tone kwenye kidevu cha binti yangu, kisha jingine, kisha koo lake likapanda na kushuka. Aligeuza macho kunitazama. Sijawahi kuona mtoto aliyeogopa vile. Nikatazama ukutani kama sijaona kitu. Nyuma yangu Festo aliinamisha kichwa, na Baba akakohoa.

Nuru ikatua kwenye korosho.

"Puliza," nikasema.

Akapuliza upepo. Nikatia kidole kinywani mwangu haraka, nikakipitisha juu ya unga, nikaupaka ukuta.

"Limeona," nikasema. "Washeni moto."

Siku ya nne, natwanga uani, nikamwona Neema anakuja polepole, mikono nyuma. Nikaegemeza mchi kwenye kinu, nikakaa chini kabisa.

"Mama," akasema, "jua halirudi, na kosa ni langu."

"Njoo hapa," nikamwambia, "nikueleze habari ya ng'ombe mmoja."